Samaki wa kwenye shimo la matofali wametoka wapi?

Mkuu, umeuliza inakuwaje shimo lenu la matofali kule bonde la Ruvu, lililokauka tangu Agosti hadi ardhi ikapasuka, liwe na samaki wiki tatu tu baada ya mvua. Walionitangulia kukujibu wanasema wameanguka na mvua. Bibi yangu naye alisema hivyo hivyo, na hakutaka ubishi. Mimi nimekulia bonde hilo hilo, ng'ambo ya pili ya mto, basi nikueleze niliyoyaona.

Tuanze na wanaosingiziwa. Kambale hujikokota kwenye majani mabichi usiku wa mvua, kamongo hujifukia kwenye tope akangoja maji. Wako si hao. Umesema wana urefu wa kidole, wengine wana rangi kama kitenge na wengine wamefifia kabisa. Hao wa kitenge ni madume, na wote ni Nothobranchius, jina la kitaalamu la jamii ya samaki wadogo wa madimbwi yanayokauka. Sisi watoto tuliwaita samaki wa mvua.

Walikuwa humo humo shimoni, wakiwa mayai. Dume humbana jike juu ya tope, humfunika kwa pezi la mgongoni, yai moja linatoka na kuzikwa hapo hapo. Halafu tena, na tena, kutwa nzima. Maji yakikauka wazazi wanakufa wote, habaki hata mmoja. Yai lenyewe lina kama milimita moja, nalo hulala kwenye udongo likiwa limesimamisha ukuaji wake. Linaweza kusimama hivyo katika hatua tatu tofauti kabla ya kuwa tayari. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hayaamki yote kwa pamoja. Vuli ikidanganya, ikanyesha siku mbili ikakata, walioanguliwa wamekwisha, lakini mayai yaliyolala bado yanaingoja masika.

Wiki tatu zisikushangaze. Ndugu yao Nothobranchius furzeri, aliyekusanywa mara ya kwanza mwaka 1968 huko Gonarezhou, Zimbabwe, ameonekana Msumbiji akikomaa na kuanza kuzaa akiwa na siku 14 tu tangu aanguliwe. Wanaochunguza uzee wanamfuga maabara kwa sababu hiyo: kuna ukoo wake unaozeeka na kufa ndani ya miezi michache, kwa hiyo mtafiti anaona maisha mazima kabla hata mwaka haujaisha.

Utasema shimo mmelichimba juzi juzi, mayai yameingiaje? Mto. Ruvu ukifurika, madimbwi yote ya bondeni yanakuwa maji mamoja na samaki wanasambaa. Maji yakirudi nyuma, shimo lako linabaki na wageni.

Mimi niliamini nilipojaribu. Septemba moja nilibeba udongo mkavu wa dimbwi nikaupeleka mjini. Mara ya kwanza nilichukua wa pembeni, wa kichanga, nikaumwagia maji, kimya. Nikarudi nikachimba katikati, kwenye ule udongo mweusi wa mbuga unaovimba na kushika maji. Nikautia kwenye ndoo ya kufulia (mama watoto hajanisamehe) na maji ya mvua niliyokuwa nimeyakinga. Kesho yake asubuhi niliona vitu kama vipande vya uzi vyenye macho. Wengi walikufa, maana mwanzoni sikujua chakula chao ni wadudu wadogo sana wa majini. Waliobaki niliwapa viluwiluwi vya mbu, na baada ya mwezi hivi dume mmoja akaanza kuwaka rangi.

Kuhusu kuwala, aliyeuliza kama wanaliwa aachane nao, ni miiba tu. Ulaya kuna watu wanawafuga kwa ajili ya rangi, na mayai wanatumiana kwa posta, yakiwa ndani ya mboji yenye unyevu, wameandika jina la mahali na mwaka.

Aina haiwezi kutajwa bila kumwona. Unguja wana guentheri, Mafia wana korthausae. Bonde la Ruvu lina zaidi ya moja: melanospilus, foerschi, na janpapi ambaye ni mdogo mno. Kwa hiyo chota na kipande cha chandarua upande wenye majani, uwatie kwenye chupa safi, uwaangalie majike, siyo madume. Jike akiwa na madoa meusi mwilini, kuna uwezekano mkubwa ni melanospilus. Piga picha kwa ubavuni uitupie hapa, kisha warudishe shimoni.