Maneno ya Kiingereza ya ustahimilivu na tabia ya mtu: ushauri kutoka Masasi

Mdogo wangu wa Newala, umeuliza ufanyeje ili uachane na "strong" na "hardworking" kila unapoeleza tabia ya mtu kwa Kiingereza, maana unajiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na mbele una usaili wa kazi. Mimi nafundisha Kiingereza kidato cha tano na sita hapa Masasi, na kila mwaka naandika barua za kuwapendekeza vijana wanaoomba vyuo na ufadhili. Nina la kusema, na ni refu kidogo.

Kwanza weka pembeni zile orodha zinazozunguka WhatsApp. Kila neno limepachikwa tafsiri ile ile: resilience uvumilivu, perseverance uvumilivu, fortitude uvumilivu, endurance uvumilivu. Ukishazikariri, siku ya kuandika huna namna ya kuchagua. Maneno haya yanatofautishwa na mambo mawili: yaliyomkuta mtu, na msemaji anamsifu au anamlaumu.

Tuwaangalie wakulima wetu wa korosho. Ugonjwa wa ubwiriunga umekausha maua, msimu umekwenda na maji, na mwaka unaofuata mtu karudi shambani na ari ile ile. Huyo ni resilient. Asili ya neno ni Kilatini, resilire, kuruka na kurudi, kwa hiyo lazima liwepo pigo kwanza, kisha mtu ainuke. Ambaye hajapigwa na lolote usimwite resilient, hata awe mchapakazi namna gani. Jirani yake anapulizia salfa, dawa ya ugonjwa huo, awamu kwa awamu, jua kali, mgongo unauma, haachi mpaka shamba liishe: he perseveres. Anayefuatilia malipo yake AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kila wiki mpaka yaingie ni persistent. Aliyesikia bei ya mnada imeshuka, asilalamike wala kulaani, akaendelea na shughuli zake, ni stoic. Wanafalsafa wa kwanza wa msimamo huo walifundishia kwenye baraza la nguzo mjini Athens lililoitwa Stoa. Na yule aliyeshauriwa na bwana shamba mwaka huu, akashauriwa tena mwaka uliofuata, na bado anakataa kupulizia? Obstinate.

Hapo kwenye persistent na obstinate ndipo vijana wangu wengi wanapoteza alama. Wote wawili hawaachii jambo lao, lakini obstinate ni lawama. Persistent inakaa katikati, yaweza kuwa sifa, yaweza kuwa kero. Ukitaka kusifu bila shaka yoyote, andika tenacious, ambayo asili yake ni kushika. Sikio la kusikia tofauti hizi unalo tayari. Hakuna mtu wa Newala atakayemwita mzazi wake mkaidi akiwa anataka kusema ni shupavu.

Baada ya maana, jifunze neno linatembea na nani. Waingereza husema show resilience, au resilience in the face of hardship. Kitenzi cha kila siku cha neno hilo hakuna, kwa hiyo ukihitaji kitenzi tumia bounce back au recover. Integrity, yaani uadilifu, haina wingi. Andika a woman of integrity. Mambo haya huyapati kwenye kamusi ya Kiingereza na Kiswahili. Tafuta kamusi ya wanaojifunza Kiingereza, ile yenye sentensi za mfano, usome sentensi zote chini ya neno. Kwenye IELTS msamiati ni robo ya alama za kuandika na za kuzungumza, na wasahihishaji wanatazama pia kama maneno yamekaa na wenzake. Neno zito kama indomitable, asiyeshindika, likichomekwa pasipo mahali pake halikusaidii.

Nikupe mfano wa barua. Rasimu ya mwanafunzi mmoja ilisema: She is a strong and hardworking girl. Tukaandika hivi: When her father fell ill, she took over the family's cashew plot, missed no test, and remained conscientious down to the smallest laboratory report. Conscientious ni mtu anayesukumwa na dhamira yake, anafanya vizuri hata kazi ambayo hakuna atakayeikagua. Neno moja tu zito, na tukio limelibeba.

Kuhusu kusahau: Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachana yanashikiza zaidi kuliko kukesha usiku mmoja. Maneno matano kwa wiki yanatosha. Kila neno liandikie sentensi ya mtu unayemfahamu, rudia kesho, rudia wiki ijayo, rudia mwezi ujao.

Na usimsikilize anayesema Kiingereza si cha watu wa Kusini. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso hapa Masasi, alihitimu Makerere mwaka 1962, na alichosomea ni Kiingereza.

Kwenye usaili usianze na I am resilient. Simulia kilichotokea, ulifanya nini, mambo yakaishaje, halafu neno liingie mara moja mwishoni. Andika sentensi zako tano za kwanza uziweke hapa, nitazipitia moja moja.