Re: Chaja ya kigari cha gofu iko kimya
Mkuu, kama kigari kimelala miezi bila kuchajiwa na sasa ukichomeka chaja haiungurumi, usikimbilie kununua mpya. Chaja nyingi za volti 48 haziwaki mpaka zihisi umeme wa kutosha kwenye betri. Fungua vifuniko vya betri kwanza: sahani (zile bamba za ndani) zikiwa kavu, zifunike kwa maji ya betri, yale yasiyo na asidi (ya bomba hapana). Halafu shika multimita (kifaa cha kupimia umeme), pima zile betri sita za volti 8, zinazofanya 48 kwa pamoja, moja moja. Kila moja ikijaa husoma kama volti 8.5. Zilizoshuka sana zichaji moja moja kwa chaja ndogo ya volti 8, mahali penye hewa. Itakayogoma kupanda wakati nyingine zinapanda, mchawi umempata.