Kabla ya kubuni sensa, shughulikia nafasi iliyo chini yake

Wanaoanza kutafuta nyufa za metali kwa rezoneta za mikrowevu (sensa ndogo zinazoitikia mawimbi ya redio ya masafa, yaani frikwensi, fulani) hukimbilia umbo la sensa: pete iwe ya mraba au duara, mkato wake uwe mwembamba kiasi gani. Mimi nimeburuta sensa hizi juu ya mabamba mengi ya alumini, na ushauri wangu ni kwamba hayo yasubiri. Anza na nafasi iliyopo kati ya sensa na metali.

Rezoneta ina masafa yake inayoyaitikia, na kwenye skrini yanaonekana kama bonde. Ufa ukipita chini yake, mkondo wa umeme unaotembea usoni mwa metali hukatizwa, unalazimika kuuzunguka, na bonde linahama. Shida ni kwamba sensa ikiinuka kwa unene wa unywele tu, bonde huhama vilevile, pengine kuliko linavyohamishwa na ufa wenyewe. Utashangilia ufa usiokuwepo.

Dawa yangu ni utando mwembamba wa tefloni, unaobandikwa usoni mwa sensa ili iburutwe ikigusa bamba muda wote. Unapoteza wepesi kidogo wa kuhisi, lakini vipimo vinalingana. Kebo nayo ifungwe isipindepinde. Na kwa kuwa joto pia husogeza bonde, rudi mara kwa mara mahali unapojua ni pazima, usome tofauti badala ya namba tupu.

Pitisha sensa mara mbili, ya pili ukiwa umeigeuza nyuzi 90. Ufa uliolala sambamba na mkondo hauukatizi, kwa hiyo hauonekani.

Usitarajie kuona ndani. Kwenye gigahezi 5, mawimbi hupenya alumini kwa takriban mikromita 1.2 tu, hivyo ufa uliojificha katikati ya bamba ni kazi ya ultrasoniki, yaani upimaji kwa mawimbi ya sauti isiyosikika. Rangi, kinyume chake, haiyazuii, na hapo ndipo ninapoipenda njia hii: hakuna kukwangua. Ila rangi iliyopakwa bila usawa ni ileile nafasi inayobadilika, imevaa nguo nyingine.

Kwa hiyo tengeneza bamba la majaribio lenye mikato ya upana na kina unavyovijua, lipake rangi ileile ya kifaa unachokagua, ulipime kabla na baada ya kazi. Mkato mwembamba kuliko yote unaoonekana hapo ndio uandike kwenye ripoti kuwa kikomo cha sensa yako.