Usilipe karo kabla Bodi yenyewe haijakujibu kwa maandishi

Dada, usilipe hiyo karo. Umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza kidato cha nne hapo Nakuru asomee usanifu majengo au mipango miji, ukauliza anunuliwe kompyuta ya aina gani, na kama asiye na mkono mzuri wa kuchora anaweza kufaulu. Lakini katikati ya maswali hayo umepitisha sentensi moja iliyonishtua: kwamba chuo mlichokipata kinasema kozi yao ya usanifu ni mpya, kibali cha Bodi kiko njiani, na msipolipa kabla ya Ijumaa nafasi atapewa mwingine. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi nikiwa na umri wa mdogo wako, na hadi leo ninapoandika haya hapa Kisumu sijasajiliwa.

Bodi inayozungumziwa ni ile ya Usajili wa Wasanifu Majengo na Wakadiriaji wa Ujenzi. Inafanya kazi chini ya Sura ya 525 ya Sheria za Kenya, na sheria hiyo haimruhusu mtu ambaye hajasajiliwa kujiita msanifu majengo wala kufungua ofisi kwa jina hilo. Ili asajiliwe, mtu huhitaji shahada ambayo Bodi inaitambua, kisha muda wa kufanya kazi chini ya msanifu aliyesajiliwa, kisha mitihani ya Bodi. Shahada ikikataliwa, hayo mengine mawili hayamfai kitu, hata awe hodari namna gani.

Hapa ndipo wazazi wengi hutiwa mchanga machoni. Chuo huwaonyesha hati yake ya kuanzishwa, na pengine idhini ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na karatasi zote mbili zinaweza kuwa za kweli kabisa. Idhini ya Tume inahusu uhalali wa masomo kama shahada ya chuo kikuu. Kumkubali mwenye shahada hiyo aingie katika taaluma ni jambo jingine, na kwa miaka mingi Tume na bodi za taaluma zimevutana, hadi mahakamani, kuhusu nani mwenye mamlaka ya kuzipitisha kozi. Mvutano huo haujawahi kumrudishia mwanafunzi hata shilingi moja.

Mama yangu ni mwalimu. Karo yangu ilitoka kwenye mkopo wa chama chao cha akiba, na walimu wenzake ndio waliomdhamini. Nilisoma kwa bidii, nikakesha studioni nikikata kadibodi za mifano ya majengo, nikahitimu kwa alama nzuri, nikapanda basi kwenda Nairobi kuulizia mitihani ya usajili nikiwa na nakala zangu zote ndani ya bahasha. Karani aliyenipokea alikuwa mtu mpole. Alisoma jina la chuo, akasoma jina la shahada, akapitisha kidole kwenye orodha aliyokuwa nayo mezani, kisha akarudia tangu juu kana kwamba alitaka kunisaidia kulipata. Halikuwamo. Makato ya ule mkopo yaliendelea kuonekana kwenye hati ya mshahara ya mama muda mrefu baada ya siku hiyo, na sikuwa na la kumwambia.

Msidhani kwamba mtu akikwama hivyo atahamia chuo kinachotambuliwa na kuendelea pale alipoachia. Nilijaribu. Niliambiwa nianze upya mwaka wa kwanza, kwa sababu kazi za studio zilizofanyiwa mahali pasipotambuliwa hazikuhesabiwa. Fedha za kuanza upya zingetoka wapi?

Sasa hivi kazi ninayo, na ni kazi ninayoipenda. Ninachora ramani za nyumba za kuishi na za kupangisha kuanzia Mamboleo hadi Milimani, ninakaa na wenye viwanja, ninapima, ninarekebisha. Ila ukiitazama ramani yoyote inayopelekwa kaunti kuombewa kibali cha ujenzi, kuna kisanduku chini, upande wa kulia, chenye nafasi ya jina la msanifu, nambari yake ya usajili, sahihi na muhuri. Kisanduku hicho mimi hukiacha wazi. Hulazimika kumpelekea msanifu aliyesajiliwa, ambaye huikagua kazi, hutia sahihi na hubeba dhamana, na ada kubwa ni yake. Simlaumu hata kidogo, kwa kuwa nyumba ikileta matatizo ni yeye atakayeitwa. Ninayemlaumu ni aliyekuwa mkuu wa idara pale chuoni. Yeye alikuwa amesajiliwa, aliijua njia yote kwa sababu alikuwa ameipita, na bado alisimama mbele ya wazazi wetu siku ya kwanza akasema kibali ni suala la miezi michache tu. Mwaka wa pili tulipomuuliza alijibu vivyo hivyo. Mwaka wa tatu alikuwa ameshahamia kwingine. Mtu anayewauzia watoto wa wenzake mbuzi kwenye gunia huku akimjua vyema mbuzi aliyemo hastahili kuitwa mwalimu.

Kwa hiyo, dada, iandikie Bodi wewe mwenyewe. Taja jina kamili la chuo, bewa ambalo mdogo wako atasomea, jina la shahada kama lilivyo kwenye barua ya kuitwa, na mwaka wa kuanza, kisha uulize kama atakayehitimu kozi hiyo atakubaliwa kufanya mitihani ya usajili. Jibu litoke kwa Bodi, si kwa chuo. Barua ya chuo inayosema kwamba Bodi imesema si jibu. Uangalie pia jina la shahada lenyewe, kwa sababu katika baadhi ya vyuo masomo haya huchukua miaka sita iliyogawanywa sehemu mbili, minne ya shahada ya masomo ya usanifu na miwili ya shahada ya usanifu yenyewe, na anayeishia ile minne bado hajawa na sifa ya kuwa msanifu. Chuo chenye minne tu na kikanyamaza kuhusu hiyo miwili kiulizwe mapema.

Mipango miji ni taaluma nzuri na inasomwa karibu nasi pia, Chuo Kikuu cha Maseno. Tangu Katiba ya 2010 upangaji wa kaunti umekuwa jukumu la kaunti zenyewe, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ikaongeza uzito wa jukumu hilo, na Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, kwa hiyo wapangaji miji wanahitajika. Lakini nao wana bodi yao ya usajili chini ya sheria ya 1996, na ninakusihi uiandikie hiyo vilevile kabla ya kulipa chochote, hata kama chuo kina jina kubwa.

Kuhusu Ijumaa, chuo chenye kozi iliyokamilika hakina sababu ya kumkimbiza mzazi. Waambie unasubiri barua ya Bodi, uone watakavyojibu. Ikija, ibandike hapa bila jina la mdogo wako, nami nitaisoma pamoja nawe.