Amechoka, amekasirika, ana njaa: kwa Kihispania ni ser, estar au tener?

Mleta uzi anauliza namna ya kusema mtu leo amechoka au amekasirika, na kama kanuni ya "cha kudumu ser, cha muda estar" inatosha. Ser na estar zote ni "kuwa", na tener ni "kuwa na". Kanuni hiyo haitoshi. Marehemu "está muerto" (está hutoka kwenye estar), na hapo hakuna cha muda.

Msemaji wa Kiswahili ana kipimo kizuri zaidi: -me-. Hali tunayoisema kwa -me-, Kihispania mara nyingi huitaka estar. Amechoka "está cansado", amelewa "está borracho", ameshiba "está lleno", hata ameoa "está casado". Amekaa ni "está sentado". Ukiandika "está sentándose" unamzungumzia anayejishusha kitini sasa hivi. Mwisho wa neno humfuata mtu: cansado, cansada, cansados, cansadas. Mwanamke akiandika "estoy cansado" amejiita mwanamume, na kosa hili kwetu ni la kawaida maana lugha yetu haina jinsia.

Njaa, kiu, usingizi, woga na haraka huenda na tener, sawasawa na "nina" yetu: tengo hambre, sed, sueño, miedo, prisa. Kwa kuwa ni nomino, ukizidisha tumia mucho au mucha (nyingi), si muy (sana): "tengo mucha hambre", "tengo mucho sueño". Joto pia: "tengo calor". Ukisema "estoy caliente" watu watacheka, kwa sababu wamesikia una ashiki.

Hapa ndipo "-na" inapodanganya: ana hasira, ana huzuni, ana furaha. Zote hizi ni estar: "está enojado" (Hispania husema zaidi "enfadado"), "está triste", "está contento".

Baadhi ya sifa hugeuka maana kabisa. "Es aburrido" (es hutoka kwenye ser) ni mtu anayechosha wenzake, "está aburrido" amechoshwa yeye. "Es listo" ni mwerevu, "está listo" yuko tayari. Mgonjwa akipata nafuu sema "está bien". "Está bueno" kwa mtu ni kumsifia umbo, kwa hiyo liache kwenye chakula.

Hali inapoanza ghafla tumia ponerse: "se puso nerviosa", ameingiwa na wasiwasi. Ikiwa bado inaendelea, llevar: "lleva tres días enferma", siku ya tatu anaumwa. Ikiwa imekwisha, "estuvo enferma tres días". "Estaba enferma" peke yake haisemi kama alipona.