Ni “rafiki yangu”, wala si “rafiki wangu”
Ndugu, umemsahihisha mtu aliyeandika “rafiki yangu” ukidai iwe “rafiki wangu”, lakini safari hii kalamu nyekundu imekuponyoka. “Rafiki yangu” ni sahihi, kwa sababu majina ya uhusiano yasiyo na kiambishi cha m-/wa-, kama rafiki, jirani, baba na shangazi, huchukua kimilikishi (neno la kuonyesha mwenyewe, kama “yangu”) cha ngeli ya i-/zi-, yaani kundi la majina kama nyumba, ilhali kitenzi na kivumishi hubaki katika a-/wa-, ngeli ya watu na wanyama. Ndiyo maana twasema “rafiki yangu mzuri amefika”, si “nzuri imefika”. Mke na mtoto wana m- yao, hivyo husalia na “wangu”. Kanuni hii haiwahusu wanyama katika umoja, kwani ng'ombe mmoja ni “ng'ombe wangu”. Isitoshe, wewe mwenyewe katika sahihisho lako hilo umeandika “dada yangu”, na hukujisahihisha.