Asiamue mtu mmoja, wala msipige kura

Swali lenu la wiki lilikuwa: mkienda kutalii na marafiki, nani aamue mnakwenda wapi? Mimi nasema asiamue mtu mmoja, wala msipige kura. Kura ina walioshindwa, na aliyeshindwa atanuna kiti cha nyuma mpaka mwisho wa safari. Kila mtu apewe kituo kimoja, akichague mwenyewe, na wengine wamfuate bila kuguna. Tulifanya hivyo tulipotoka Melbourne kwenda Adelaide kwa njia ya pwani, kusini kabisa mwa Australia, na nongwa haikuwapo.

Tulikuwa wanne: mimi wa Tanga, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Bujumbura na mmoja wa Bukavu. Sote tunaishi Melbourne. Njia ya ndani ni fupi, kilomita kama 730, na watu huimaliza kwa siku moja. Sisi tulikodi gari tukashika ya pwani, ambayo inaanza na Great Ocean Road.

Barabara hiyo ilichimbwa kwa sururu na koleo kuanzia mwaka 1919 hadi 1932, na wanajeshi waliorudi kutoka Vita Kuu ya Kwanza, kuwakumbuka wenzao waliokufa. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyotuachia sisi Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam. Wao waliamua ukumbusho wao uwe barabara ya kilomita zaidi ya 240, na lazima niseme ni wazo zuri.

Kituo changu kilikuwa Kennett River, kuwatafuta koala. Wanakaa kwenye mikaratusi, miti ambayo kwetu naijua kama nguzo za umeme na kuni, kumbe huku ndiko kwao na kuna mnyama anayeishi kwa majani yake tu. Majani yenyewe hayana lishe ya maana, kwa hiyo koala hulala karibu saa 20 kwa siku. Tulisimama chini ya mti shingo zikiuma, na tulichokiona kwa muda mrefu ni makalio ya kijivu yaliyobanwa kwenye panda ya tawi. Wenzangu hawakuguna, maana ndiyo sheria. Baadaye akajikuna sikio, akatutazama kwa dharau, akarudi kulala. Mimi niliridhika.

Twelve Apostles hakuna aliyehitaji kuichagua, barabara inakufikisha tu. Ni nguzo za mawe ya chokaa zilizoachwa baharini baada ya mawimbi kula ukingo wa nchi kavu. Jina linasema mitume 12 lakini hazijawahi kufika idadi hiyo. Moja iliporomoka Julai 2005, zikabaki nane. Ushauri wangu: msiende mchana. Mabasi ya watalii wa siku moja kutoka Melbourne humwaga watu saa hizo, na picha zenu zitakuwa za visogo. Laleni Port Campbell, mwende alfajiri au jioni mabasi yakishaondoka.

Aliyechagua vizuri kuliko sote ni Mrundi wetu. Alitaka Loch Ard Gorge, dakika chache kwa gari kutoka hapo, na nakiri sikuwa na hamu nayo. Ni korongo lenye kuta ndefu na kipande cha mchanga chini, bahari ikiingilia mlango mwembamba. Juni 1878 meli iitwayo Loch Ard, iliyokuwa imebakiza safari kidogo tu ifike Melbourne kutoka Uingereza, iligonga mwamba karibu na hapo alfajiri yenye ukungu. Ndani walikuwa watu 54. Walipona wawili: Tom Pearce, kijana mwanafunzi wa ubaharia, na Eva Carmichael, aliyepoteza wazazi na ndugu zake waliosafiri naye. Tom alishatupwa ufukweni aliposikia sauti ya msichana, akarudi majini kumvuta, akamficha pangoni, kisha akapanda ukuta wa korongo kutafuta msaada. Nchi nzima ikasubiri waoane. Eva baada ya miezi michache akarudi zake Ireland. Rafiki yangu alisimama juu kwenye makaburi akasema, "Na alikuwa na haki. Mtu akikuokoa unamshukuru, humlipi kwa ndoa." Tulibishana hilo mpaka Warrnambool, ambako kwenye jumba la makumbusho kuna tausi mkubwa wa kauri aliyekuwa ndani ya meli hiyo na kuelea hadi ufukweni akiwa ndani ya kasha lake. Watu 52 wamekufa, tausi kauri mzima.

Kabla ya kuingia jimbo la Australia Kusini jueni mambo mawili. Saa inarudi nyuma nusu saa, ndiyo, nusu. Na matunda hayavuki, kwa kuogopa nzi wa matunda. Kando ya barabara kuna mapipa ya kuyatupa. Mama yetu wa Bukavu alikuwa na pichi na maembe, naye si wa kutupa chakula. Tukasimama kando ya pipa tukala yote, maji yakitiririka hadi viwiko.

Kituo cha mama huyo kilikuwa ng'ambo ya mpaka, Mount Gambier, maana mtu wa Kivu hapiti karibu na ziwa la volkano bila kulikagua. Blue Lake ni la kijivu majira ya baridi, na kuanzia mwishoni mwa mwaka hugeuka buluu kali hadi unadhani wametia rangi. Kwa hiyo nendeni kati ya Desemba na Februari. Maji ya bomba ya mji ule hutoka humo. Alilitazama, akasema ni zuri ila dogo.

Coorong, ziwa refu jembamba la pwani, tulipita haraka, ndege mwari wengi na upepo mwingi.

Wa Mombasa alingoja mpaka Adelaide. Alitaka msikiti wa Little Gilbert Street, uliojengwa 1888 na 1889, na minara yake minne meupe kuongezwa 1903. Waliouanzisha walihusiana na waongoza ngamia walioletwa kubeba mizigo jangwani. Waliitwa Waafghani wote, lakini wengine walikuwa Wapunjabi na Wabulushi. Rafiki yangu amekua na majirani Wabulushi, ambao wazee wao walifika Mombasa kama askari wa masultani wa Oman. Akabaki uani akipiga simu nyumbani kuwaeleza, nasi tukaenda kutafuta chakula Central Market.

Mengine ni ya kawaida. Mfuko wa pamoja wa mafuta na malazi, anaushika asiyependa kununua vitu. Gari liegeshwe kabla jua halijazama, maana kangaruu huingia barabarani jioni. Kuendesha ni kwa zamu, kushoto kama Tanzania na Kenya. Muziki nao hauna zamu wala kituo: aliyeshika usukani ndiye serikali, na tumesikiliza rumba ya Kongo kuanzia Mount Gambier hadi Adelaide.